Siku Tano za Kazi

Kila baada ya swala ya magharibi, Saida alitoa korosho moja kwenye kopo la kulia akaitia kwenye kopo la kushoto. Yalikuwa makopo mawili ya maziwa ya unga, yameoshwa vizuri, na yalikaa juu ya kabati la vyombo ambako kuku hawafiki. Alianza na korosho mia moja na ishirini na nane, mbichi, na maganda yake, kwa kuwa hizo ndizo siku ambazo wifi yake Shamimu alitakiwa kukaa eda baada ya kufiwa na mume: miezi minne ya kuandama na siku kumi. Kufikia Jumamosi ile ya mwezi wa saba, kopo la kulia lilikuwa limebakiza korosho thelathini na moja.

"Zinapungua, wifi," Saida alisema, akalitikisa kopo ili mwenzake asikie.

Shamimu alikuwa mkekani, simu mkononi, anasoma kwa mara ya saba ujumbe uleule: *Hongera! Salfa yako imefika shambani.*

Salfa haikuwa imefika shambani. Shamba lao lilikuwa nyuma ya mtaa wao wa Likombe, nusu saa kwa baiskeli, mikorosho thelathini na minane aliyoiacha marehemu Abdallah, mume wa Shamimu na kaka yake Saida, na siku hiyo jirani yao wa shamba, Francisco, alilizunguka mara mbili akitafuta mifuko. Alikuta majani makavu na kinyesi cha ngedere. Maua yalikuwa yameanza kutoka, na kwenye mti wa tatu kutoka mpakani aliona ule unga mweupe anaoujua kila mkulima wa Mtwara, ubwiriunga, unaopanda kwenye maua na kuyakausha yote mpaka mti usizae hata korosho ya kumpa mgeni. Dawa yake ni salfa, ipulizwe alfajiri, umande ukiwa bado haujakauka. Ikichelewa wiki tatu, mtu anaweza kukunja mikono akasubiri mwaka mwingine.

Abdallah alilijua hilo kuliko wote. Siku tatu kabla hajafa, akiwa kitandani, alihamishia kwenye simu ya mkewe laki nne na elfu ishirini. "Hiyo ya salfa," alimwambia. "Usiiguse hata nikikuomba mimi mwenyewe." Hakuwahi kuiomba.

Mwanamke mwingine angekwenda mwenyewe dukani. Lakini Shamimu alikuwa eda, na ukoo wa Abdallah haukuwa na mchezo katika jambo hilo. Hata kutupa takataka alitupiwa na Saida. Mambo yake yote aliyamaliza kwa simu. Siku moja, alipokuwa akisikiliza mawaidha, katikati ya mawaidha lilichomoza tangazo. Lilionesha mkorosho, maua yana unga mweupe, na maneno makubwa: *Ubwiriunga umeingia shambani kwako! Nunua salfa sasa.* Aliulizwa zao, akabonyeza korosho. Aliulizwa jina la shamba, akaandika Kwa Abdallah. Aliulizwa idadi ya miti, akaandika thelathini na nane. Aliambiwa basi anahitaji mifuko kumi na miwili, na hiyo ndiyo hesabu ambayo Abdallah alikuwa akiipiga kila mwaka. Akaweka namba ya siri, akalipa.

Msomaji aliyezoea simu asimcheke. Hata siku moja haikumjia Shamimu akilini kwamba duniani kuna watu wanaotoa hela kupulizia mikorosho isiyokuwepo, tena kwa starehe.

Francisco ndiye aliyemwambia. Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita, yeye mwenyewe alizaliwa upande huu, na alimheshimu mjane wa rafiki yake kiasi cha kusimama nje ya dirisha akiangalia ukuta wakati wa kuongea. Saida alimpitishia simu kwenye nondo za dirisha. Ndani ya kioo kulikuwa na mikorosho thelathini na minane imepangwa mistari, inayumba, na vumbi la njano linatua taratibu juu ya maua. Nyuki mnene mwenye kofia alikuwa anapiga makofi.

"Shemeji," alisema Francisco, "huu ni mchezo."

"Mchezo wa nani?"

"Mchezo tu. Watu wanacheza. Umenunua kwenye duka la michezo."

Duka lenyewe liliitwa Chezanasi na halikuwa na mtaa wala mlango. Lilikuwa na kitufe kilichoandikwa *Omba Kurudishiwa Fedha*, na Jumamosi ile ile, baada ya korosho kuhamishwa kopo, Shamimu alikibonyeza. Aliandika kwa kirefu, kama anavyoandika mtu asiyetaka kueleweka vibaya. Alieleza msiba, eda, maua na maneno ya marehemu. Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu chini.

*Habari Shamimu! Mimi ni Vania, nipo hapa kukusaidia. Pole sana kwa kufiwa. Ombi lako limepokelewa na litashughulikiwa ndani ya siku tano za kazi, kuanzia siku ya kazi inayofuata. Je, nimetatua tatizo lako?*

"Vania?" aliuliza Francisco alipopata habari. "Nina mpwa wangu Vania, yuko Palma, Msumbiji." Akampigia. Hakuwa yeye.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, kama ilivyotakiwa kuwa. Kwaya ya kanisa la kigango iliimba kwenye kipaza sauti tangu saa tatu, na fundi wa kuchomelea mageti, ambaye karakana yake inapakana na ukuta wao, alikuwa kimya. Redio ilisoma salamu za wasikilizaji. Saida alipika wali, akahamisha korosho, wakalala.

Kesho yake tena ilikuwa Jumapili. Kwaya iliimba, fundi alikuwa kimya, redio ikasoma salamu. Saida alitoka kwenda kununua mkaa akakuta nje ni Jumatatu: watoto wamevaa sare, fundi anarusha cheche, bodaboda wanagombania abiria wa kwenda mjini. Alirudi na mkaa kichwani, akavuka kizingiti, ikawa Jumapili. Alitoka na kuingia mara tatu ili ajiridhishe. Halafu aliutua mkaa, akawasha jiko.

"Huku ndani bado Jumapili," alimwambia Shamimu.

"Nimesikia kwaya," Shamimu alisema.

Ila lililowashughulisha zaidi ni makopo. Ile korosho aliyoihamisha Saida jioni ilikuwa imerudi kwenye kopo la kulia. Alizimwaga zote mkekani akazihesabu kwa kidole, na zilikuwa thelathini na moja. Aliihamisha tena magharibi, na asubuhi ya Jumapili nyingine akaikuta imerudi.

Mwalimu Hashimu wa madrasa aliitwa kutoka Mikindani. Alikuja kwa baiskeli Alhamisi, akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, na akakaa hivyo kwa muda ili alipime jambo kabla ya kulisemea. Mguu wa nje ulikuwa Alhamisi na wa ndani ulikuwa Jumapili, na alisema hakuna tofauti ya kuuma, ila wa ndani ulikuwa umelegea kidogo.

"Eda ni siku," alisema hatimaye. "Na siku za humu hazijapita. Mimi siwezi kupitisha siku ambazo Mwenyezi Mungu hajazipitisha."

"Kwa hiyo wifi yangu akae mpaka lini?" Saida aliuliza.

"Akae mpaka zipite."

"Na zisipopita?"

Mwalimu aliutoa mguu wa ndani, akautingisha. "Kwa haja ya lazima anaweza kutoka mchana, arudi kabla jua halijazama. Hilo lipo wazi. Shamba linalokufa ni haja." Halafu akaomba maji, akanywa upande wa Alhamisi, akaondoka.

Wakati huo Shamimu alikuwa amekwisha kuelewa kilichotokea, maana alikuwa mwepesi wa hesabu. Ombi lake lilikuwa linasubiri siku ya kazi inayofuata. Alipolipeleka ilikuwa Jumamosi jioni. Siku ikakata shauri kusubiri pamoja na ombi. Alimwandikia Vania.

*Mwanangu Vania, nyumbani kwangu ni Jumapili wiki nzima sasa. Nakuomba hizo siku tano uzihesabu za huko kwenu.*

*Habari Shamimu! Naelewa kabisa unavyojisikia. Mfumo wetu huhesabu siku za kazi kwa mahali alipo mteja. Kwa upande wako leo ni Jumapili. Tafadhali subiri siku ya kazi inayofuata.*

*Haiji, mwanangu.*

*Asante kwa uvumilivu wako. Pia nakukumbusha: usivune korosho zako kwenye mchezo. Ukivuna itahesabika umeitumia bidhaa, na fedha hazitarudishwa. Je, kuna jambo lingine?*

Jambo lingine lilikuwepo, lakini adhana ya adhuhuri ilikuwa imetoka. Shamimu aliswali rakaa zake nne bila kuzikimbiza, kama alivyofundishwa, na alipotoa salamu na kuchukua simu alikuta maneno: *Mazungumzo yamefungwa kwa sababu hukujibu ndani ya dakika tano.*

Habari za Jumapili ya Likombe hazikuchukua muda kusambaa, na watu walizipokea kama wanavyopokea habari za kisima kipya. Wa kwanza kuja alikuwa Lucinda, muuza mihogo ya kukaanga, aliyekopa ile mikopo inayoitwa kausha damu, ya kulipwa kila Jumanne na riba yake. Jumanne hiyo hakuwa na kitu. Alikuja na beseni lake, akaomba akae ukumbini, kwa kuwa ukumbini haikuwa Jumanne. Ofisa wa mkopo alimfuata na daftari, uso umekunjwa. Alipokanyaga kizingiti alilegeza tai, akauliza hali za wagonjwa, akasema poleni na msiba, akageuka kwenda zake.

Jumanne iliyofuata wanawake walikuwa tisa. Iliyofuata, kumi na saba, na viatu vyao vilijaa mpaka barazani. Walikuja na unga, na dagaa, na vijora vya kushona, na mmoja aliyekuwa hajalala siku nne kwa kuwaza alilala pale pale mkekani kuanzia asubuhi mpaka alasiri, mdomo wazi, na hakuna aliyemwamsha. Shamimu aliwapikia chai. Hakuwaonea kijicho. Lakini aliwatazama wanavyofurahia kile kinachomuua yeye, akaona dunia imekaa vibaya sana.

Kwa sababu maua hayakuwa yanangoja. Huko shambani ilikuwa Jumatatu, Jumanne, Jumatano, kama kawaida, na Francisco alikuja kila jioni kuangalia ukuta na kutoa taarifa. Unga umefika mti wa kumi. Unga umefika mti wa kumi na nne. Yeye salfa yake ilikuwa imekwisha kwenye mikorosho yake, nayo aliikopa kwenye chama cha ushirika. Na chama kilikopesha kwa hesabu ya miti ya mtu iliyo kwenye rejesta, hakuna kumkopea jirani.

"Mashine ya kupulizia ninayo, mafuta ninayo, mgongo ninao," alisema. "Nipatie mifuko, shemeji. Hata sita."

Shamimu alikuwa na hofu, hofu ya kweli. Hakuwa na mtoto; Mungu hakuwajalia. Alikuwa na miti thelathini na minane. Akasema atakwenda mwenyewe chamani kukopa.

Waliondoka Jumatano saa mbili asubuhi, yeye na Saida, kwa bajaji, Shamimu amejitanda kanga nyeupe mpaka kwenye nyusi. Walikuwa wametarajia kwamba Jumapili ingebaki nyumbani. Haikubaki. Ilitoka pamoja naye, ikamzunguka hatua mbili kila upande, na dereva alipoketi mbele yake alipunguza mwendo, akaanza kupiga mluzi wimbo wa kwaya, akasimama mara mbili kusalimia watu. Kando ya barabara Jumatano ilikuwa imepamba moto, malori ya saruji yanapita, wanafunzi wanakimbia kengele. Ndani ya bajaji hakuna aliyekuwa na haraka isipokuwa Shamimu.

Ofisini kwa chama, karani Fredi alikuwa anagonga mihuri. Kulikuwa na foleni ya wakulima kumi na wawili. Shamimu alivuka mlango, na Fredi akaiweka mihuri kwenye droo, akavua miwani, akafunga rejesta.

"Karibu mama," alisema kwa upole. "Leo hatufanyi kazi, ni Jumapili. Njoo kesho."

Foleni yote ilishusha pumzi na kuanza kuzungumzia mpira. Mwanamke mmoja mtu mzima alimvuta kanga kidogo. "Bibi wee, tusaidie utoke. Mie nimetoka Kitaya tangu alfajiri, nauli nimeazima."

Shamimu alitoka. Fredi alivaa miwani, akagonga muhuri.

Ikabidi asimame ng'ambo ya barabara, chini ya bango la mtandao wa simu, na Saida awe anakimbia huku na huku kubeba maneno. Fredi hakuwa mtu mbaya. Alisema mkopo upo, mifuko kumi na miwili ipo, imerundikwa pale pale nyuma yake, na Saida aliiona kwa macho yake, ya njano, imeandikwa salfa. Kinachotakiwa ni mwenye shamba aje aweke dole gumba mbele ya karani, kwenye karatasi yenye tarehe ya kazi. Saida aliomba aweke yeye. Haikuwezekana. Aliomba karatasi iletwe barabarani. Fredi alifikiri, akainuka, akaileta mwenyewe mpaka ukingo wa lami, na huku amesimama kwenye Jumatano yake akaisogeza kwa kunyoosha mkono, na Shamimu akanyoosha wake, kidole kimepakwa wino wa zambarau. Kidole kilipogusa, tarehe juu ya karatasi iligeuka ikawa ya Jumapili. Walijaribu karatasi nne. Kwenye ya nne Shamimu aligusa kwa ncha ya ukucha tu, haraka, kama mtu anayegusa pasi ya nguo ili ajue kama imepata moto. Ilikuwa Jumapili.

Fredi alizipanga zile karatasi nne vizuri. "Mama, wakaguzi watazikataa," alisema. "Na mimi nina watoto."

"Najua, baba," Shamimu alisema. "Nenda kamalize foleni."

Jioni hiyo Francisco aliuangalia ukuta kwa muda mrefu kuliko siku zote. Unga ulikuwa umefika mti wa ishirini na mbili.

"Shemeji, lifute hilo ombi."

Shamimu aliigeuza simu, kioo chini.

"Ukilifuta, hakuna kinachosubiriwa. Kesho itakuwa Alhamisi humu ndani kama kwa watu wote. Utakwenda kwa Fredi, utaweka dole, mchana mifuko ninayo, keshokutwa alfajiri nimo shambani. Tutaokoa kumi na sita. Labda na kumi na nane."

"Na hela ya Abdallah?"

"Hela ya Abdallah imekwenda."

"Aliniambia nisiiguse."

"Aliyekwambia alikuwa anataka salfa, shemeji. Hakuwa anataka hela."

Francisco hakuwa amewahi kumsemesha kwa ukali namna ile. Saida, aliyekuwa anachambua mchele, aliacha kuchambua. Shamimu aliona maneno yale ni ya kweli, na ndiyo maana yalimuuma. Laki nne na elfu ishirini ndicho kitu cha mwisho ambacho mkono wa Abdallah ulifanya kikakamilika. Baada ya hapo hata kikombe alinyweshwa. Kulifuta ombi kulikuwa sawa na kumwambia kwamba alihangaika bure. Alilia kidogo, akapangusa kioo cha simu kwa kanga, akatafuta kitufe. Kilikuwepo. *Futa Ombi Langu.* Aliulizwa kama ana uhakika. Akabonyeza NDIYO.

Kwa muda hakuna kilichotokea. Halafu simu ikalia.

*Habari Shamimu! Mimi ni Vania. Ombi lako la kufuta ombi limepokelewa. Litashughulikiwa ndani ya siku tano za kazi, kuanzia siku ya kazi inayofuata. Je, nimetatua tatizo lako?*

Saida ndiye aliyeusoma kwa sauti, kwa sababu Shamimu alikuwa amemwachia simu. Alipomaliza, Francisco nje ya dirisha alimwita Mungu kwa lugha ya wazazi wake: "Nnungu wangu." Kutoka kigangoni ilisikika kwaya inakusanya sadaka. Shamimu hakulia tena. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo haikuwa na mtu wa kumkalia. Vania hakuwa na uso, duka halikuwa na mlango wa kwenda kuupiga teke. Aliichukua sufuria iliyokuwa karibu akaibamiza chini kwa nguvu zake zote. Sufuria ilibonyea. Halafu akaiokota, akaenda kuteleka maji ya chai, kwa kuwa kesho yake, huko nje, ilikuwa siku ya watu wa kikundi kingine cha mkopo, na walikuwa wameomba waje.

Mti wa thelathini na nane ulishikwa na unga siku kumi na moja baadaye. Francisco alileta shada moja la maua, akalipitisha kwenye nondo. Lilikuwa jeusi, kavu, na lilipoguswa lilimeguka likaanguka kwenye sakafu. Saida alifagia.

Baada ya hapo Shamimu aliitaka tena hela yake. Aliandika ombi la kufuta ombi la kufuta ombi, na likapokelewa, likawekwa nyuma ya yale mawili, yote yakisubiri siku ya kazi inayofuata.

Ndani ya simu mambo yalikuwa mazuri. Mikorosho thelathini na minane ilizaa kama haijawahi kuzaa miti ya Mtwara. Mabibo mekundu na ya njano yalijaa mpaka matawi yakainama, na kila bibo lina korosho yake nene. Nyuki mwenye kofia alipita kila saa akiimba kwamba mavuno yako tayari. Wanawake wa Jumanne walimzunguka Shamimu kutazama. Walikuwa wakulima wote, au mabinti wa wakulima, na waliikagua miti ile kwa macho ya kazi.

"Huu wa pembeni ulipuliziwa vizuri," Lucinda alisema.

"Yote ilipuliziwa vizuri," alisema Shamimu.

"Vuna basi, mwenzangu. Vuna hata ufurahi."

"Nikivuna hela hairudi."

Hakuvuna. Mabibo yalikomaa, yakadondoka moja moja, yakatapakaa chini ya miti ya kwenye kioo na kugeuka rangi ya kahawia, na korosho zake zikalala juu ya majani. Kidole kimoja kingetosha kuziokota. Shamimu aliwasha simu kila asubuhi, akaangalia zinavyooza, akaizima ili kutunza chaji. Hivyo mashamba ya Abdallah yakawa mawili, na msimu huo yote mawili hayakutoa kitu.

Mwezi wa kumi Francisco alivuna ya kwake. Aliwaletea bakuli moja, zimebanguliwa na kukaangwa, bado za moto. Alisimama nje ya dirisha na kuangalia ukuta, ambao sasa aliufahamu vizuri, mpaka na kile kijishimo chenye nyigu.

"Leo siku gani huko?" Shamimu aliuliza. Siku hizi alikuwa na tabia ya kuuliza.

"Ijumaa."

"Umefanya nini?"

Francisco alimweleza: amepeleka magunia manne ghalani, yamepimwa, amepewa stakabadhi, amegombana na mpimaji, wamepatana, amenunua betri ya tochi. Shamimu alisikiliza yote. Aliuliza mpimaji alisema nini hasa, na Francisco akarudia. Aliuliza ilikuwa saa ngapi. Alitafuna korosho moja polepole, akasema zimekaangwa vizuri, amsalimie mkewe Odete.

Simu ikalia pembeni yake.

*Habari Shamimu! Mimi ni Vania. Tunathamini uvumilivu wako. Maombi yako matatu yataangaliwa siku ya kazi inayofuata. Nakutakia Jumapili njema!*

*Asante, na wewe pia,* Shamimu aliandika, kwa kuwa alilelewa na watu wenye adabu.

Baadaye adhana ya magharibi ilitoka. Waliswali, mmoja nyuma ya mwingine. Saida alipomaliza alisimama, akanyoosha mgongo, akaenda kabatini. Alitoa korosho moja kwenye kopo la kulia akaitia kwenye kopo la kushoto. Juu ya kopo la kushoto aliweka sahani, na juu ya sahani akaweka kinu.

"Thelathini, wifi," alisema.

"Thelathini," alijibu Shamimu, na wakaandaa chakula.